Mlango ulioandikwa "Wanawake": Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua nini hasa?

Mdogo wangu anafanya kazi kwenye nyumba moja ya kutunza wazee huko Uingereza. Siku chache baada ya tarehe 16 Aprili 2025, siku mahakama hiyo ilipotoa hukumu juu ya maana ya neno mwanamke katika Sheria ya Usawa, alinitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo kaka. Huku kazini ni mabishano tupu. Mmoja anasema mahakama imewafuta watu waliobadili jinsia. Mwingine anasema hakuna kilichobadilika. Na kwenye grupu letu la Watanzania mtu kaandika kwamba kuanzia sasa ukienda chooni uwe na cheti cha kuzaliwa mkononi. Mimi zamu ya usiku niko peke yangu. Wageni wakija ni mimi, wakiuliza choo ni mimi. Niamini lipi?"

Katika hayo matatu hakuna hata moja lililo kweli. Nilimwambia hivyo siku ile ile, naye akanirudishia swali gumu zaidi: basi ukweli wenyewe ni upi? Haya ndiyo majibu yangu kwake, na kwa yeyote aliyesambaza habari ile baada ya kusoma kichwa chake tu.

Jinsi na jinsia

Ukimpeleka mtoto kliniki Tanzania, kwenye fomu utakuta pameandikwa "Jinsi: Me/Ke". Nesi anautazama mwili wa mtoto, anaweka alama, yamekwisha. Ukienda kituo cha polisi kuripoti kwamba jirani anampiga mkewe, utaelekezwa Dawati la Jinsia na Watoto. Pale hawana haja na maumbile. Wanashughulika na namna watu wanavyotendewa kwa kuwa ni wake au waume: nani anategemewa anyamaze, nani anajiona ana haki ya kuinua mkono. Jinsi, basi, ni mwili. Jinsia ni maisha ambayo jamii imeyajenga juu ya mwili huo, pamoja na namna mtu mwenyewe anavyojitambua. Mitaani tunayachanganya maneno haya kila siku na hakuna anayedhurika. Yakichanganywa kwenye sheria, watu wanadhurika.

Kiingereza nacho kina maneno mawili ya aina hiyo, na nacho huyachanganya. Sheria ya Utambuzi wa Jinsia ya mwaka 2004, ambayo ndiyo mzizi wa kesi hii, inayatumia yote mawili katika sentensi moja. Inasema mtu akipata cheti, jinsia yake inakuwa ile aliyoichukua, kisha kwenye mabano inaongeza kwamba jinsi yake nayo inakuwa ya mwanamume au ya mwanamke. Walioiandika walidhani wanafafanua. Miaka 20 baadaye majaji watano walikaa siku mbili wakiwasikiliza mawakili wakibishana maneno hayo yanafika wapi.

Mtu transjenda, au kama wengi wetu tulivyozoea kusema, aliyebadili jinsia, ni yule ambaye utambulisho wake haulingani na jinsi aliyoandikishiwa alipozaliwa. Mwanamke transjenda alizaliwa wa kiume, anaishi kama mwanamke. Mwanamume transjenda ni kinyume chake. Wapo wanaotumia homoni, wapo waliofanyiwa upasuaji, wapo ambao hawajafanya lolote kati ya hayo. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mtu afanyiwe upasuaji ndipo apewe cheti, ingawa wengi hudhani hivyo.

Hapa lazima nisimame, kwa sababu Afrika Mashariki tuna mkanganyiko wetu wenyewe. Katika mbio za mita 800 za wanawake kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, wa kwanza alikuwa Caster Semenya wa Afrika Kusini, wa pili akawa Francine Niyonsaba wa Burundi, wa tatu Margaret Wambui wa Kenya. Hadi leo watu huwaita wanariadha hawa "wanaume waliojibadili". Si kweli, na ni dhuluma kusema hivyo. Wote watatu walizaliwa na kulelewa wakiwa wasichana. Miili yao ina tofauti za kimaumbile za kuzaliwa nazo, na kanuni za riadha ya dunia kuhusu homoni ndizo zilizowatoa kwenye mita 800 kuanzia 2019. Mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo dhahiri ya kike wala ya kiume tunaye katika lugha yetu tangu zamani: ni huntha. Suala la huntha ni la mwili aliozaliwa nao. Suala la mtu transjenda ni la utambulisho wake. Yote mawili yanatofautiana na suala la mtu anampenda nani. Atakayeyamwaga matatu haya kwenye chungu kimoja hataielewa hukumu ya London hata akisomewa mara kumi.

Kuna jambo la lugha linalotufanya tuudharau mjadala huu. Kiswahili hakijali "yeye" ni mke au mume. "Amefika, anakusubiri" inatosha. Kwa hiyo lile joto la Waingereza kuhusu nani aitwe kwa kiwakilishi gani halitufikii, na ni rahisi kudhani kwamba ugomvi wote ni wa watu wenye muda mwingi. Lakini upande mwingine wa ugomvi unahusu milango, na milango tunayo. Atakayeshuka stendi yoyote ya mabasi atakutana na maandishi mawili na mtu wa kukusanya hela ya choo amekaa katikati.

Cheti kinachobadili mambo mengi, ila si yote

Mwaka 2002 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema Uingereza inakosea kumwacha mtu aishi kama mwanamke huku kila karatasi ya serikali ikimwita mwanamume, hata kwenye ndoa na pensheni. Bunge likajibu kwa sheria ile ya 2004. Mwombaji awe na miaka 18 au zaidi, awe na uthibitisho wa kitabibu, awe ameishi miaka miwili katika jinsia hiyo, na atamke kwamba ataishi hivyo hadi kufa. Jopo likiridhika, anapewa cheti cha utambuzi wa jinsia. Tangu utaratibu uanze mwaka 2005 hadi kesi hii inasikilizwa, vilikuwa vimetolewa vyeti zaidi ya 8,000 tu. Watu transjenda wenyewe ni wengi kuliko hapo, kwani wengi hawakuwahi kukiomba. Sensa ya England na Wales ya 2021 ilipata watu 262,000 waliosema jinsia yao hailingani na ile ya kuzaliwa, lakini takwimu hiyo ikatiliwa shaka baadaye, na sababu mojawapo ni kwamba huenda baadhi ya watu ambao Kiingereza si lugha yao walilielewa swali vibaya. Naitaja kwa makusudi. Sisi ndio watu wenyewe.

Cheti kinafanya nini? Nitaazima mfano wa nyumbani. Mgeni akipewa uraia wa tajnisi Tanzania, anakuwa raia. Anapata pasipoti, anapiga kura, analipa kodi na kulindwa kama raia mwingine. Hata hivyo, Katiba, ibara ya 39, inamtaka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa. Hati yake haijafutwa, na hakuna anayesema si raia. Ni kwamba kwa jambo lile moja sheria imetazama kuzaliwa. Cheti cha utambuzi wa jinsia kiliandikwa kwa mtindo unaofanana: kinambadilishia mtu hali yake kwa mambo yote, isipokuwa pale sheria nyingine itakaposema vinginevyo.

Sasa fikiria Katiba ingeandika "raia" tu, bila "wa kuzaliwa", halafu wabunge waondoke, wastaafu, na wengine wafariki. Raia wa tajnisi akachukua fomu ya urais. Nani aseme neno lile lilikusudia nini? Waingereza walijikuta hapo hapo.

Sheria iliyowakwamisha ni ya pili, Sheria ya Usawa ya 2010. Inakataza ubaguzi kwa misingi tisa, kama umri, ulemavu, dini na rangi. Miongoni mwa hiyo tisa, jinsi ni msingi unaosimama peke yake, na kubadili jinsia ni msingi mwingine unaosimama peke yake. Kuhusu maana ya mwanamke, sheria ikaandika kwamba ni mtu wa kike wa umri wowote. Haikusema kama mwenye cheti yumo.

Kwa kawaida sheria hiyo inakataza kumnyima mtu huduma kwa sababu ya jinsi yake. Lakini inaruhusu huduma za jinsi moja pale penye sababu ya haki: wodi ya hospitali, vyumba vya kubadilishia nguo, makazi ya wanawake waliokimbia vipigo. Asiyeelewa kwa nini ruhusa hiyo ipo aikumbuke kicheni pati. Mlangoni wamekaa wamama wawili wenye macho makali. Ndani, kungwi anasema mambo ambayo hayasemwi mbele ya wanaume, wamama wamevua mitandio, bibi mwenye miaka 70 anacheza kama msichana. Hakuna anayedai kwamba kila mwanaume aliye nje ni mhalifu. Wanachosema ni kwamba uhuru wa mle ndani unatokana na kujua nani yumo. Kwa mwanamke aliyebakwa na sasa ameketi kwenye kikundi cha ushauri, uhuru huo ni sehemu ya tiba yenyewe. Maelezo rasmi yaliyoambatana na Sheria ya Usawa yalitoa mfano huo huo wa kikundi cha wanawake waliodhulumiwa kingono, yakisema inaweza kuwa halali kutomwingiza mwanamke transjenda. Kwa hiyo wanaodai kwamba kabla ya 2025 hilo halikuwezekana kabisa, wanakosea. Liliwezekana, ila kwa kila pahala mtoa huduma alibeba mzigo wa kulitetea, na wengi waliogopa kesi, wakaacha.

Kutoka bodi za Uskoti hadi London

Kesi haikuanza na choo. Mwaka 2018 Bunge la Uskoti lilipitisha sheria kwamba nusu ya wajumbe wasio watendaji kwenye bodi za umma wawe wanawake, na wanawake transjenda wakahesabiwa humo. Kikundi cha wanawake kiitwacho For Women Scotland kikaenda mahakamani, na mwaka 2022 kikashinda raundi ya kwanza. Serikali ya Uskoti ikaandika mwongozo mpya: wanaohesabika ni wanawake transjenda wenye cheti tu. Kikundi kikarudi mahakamani, kikashindwa mara mbili Edinburgh, kikaipeleka kesi London.

Wakati huo siasa ilikuwa imeshawaka. Desemba 2022 Bunge la Uskoti lilipiga kura 86 kwa 39 kurahisisha cheti: umri ushuke hadi miaka 16, uthibitisho wa daktari uondolewe, tamko la mtu mwenyewe litoshe. Serikali ya London ikauzuia mswada ule kwa kutumia mamlaka ambayo haikuwahi kuyatumia tangu Uskoti ipate bunge lake. Kabla vumbi halijatulia, Januari 2023, mtu aliyetiwa hatiani kwa kuwabaka wanawake wawili, makosa aliyoyafanya kabla hajaanza kuishi kama mwanamke, alipelekwa kwanza gereza la wanawake la Cornton Vale. Akahamishwa baada ya watu kupiga kelele. Tangu hapo kila mwanasiasa aliyeketi mbele ya kamera aliulizwa swali moja, mwanamke ni nani, na wengi walijibu kama mtu anayevuka mto usiku.

Tarehe 16 Aprili 2025 majaji watano walisema kwa kauli moja: katika Sheria ya Usawa ya 2010, mwanamke, mwanamume na jinsi ni kwa maana ya kibaiolojia, na cheti hakibadili maana hiyo. Hukumu ina kurasa 88, na sababu zake ndizo ambazo grupu za WhatsApp hazikuzigusa.

Kwanza ni ujauzito. Sheria inamlinda mwanamke mjamzito asibaguliwe. Mwanamume transjenda anaweza kushika mimba, na imetokea. Kama cheti kingemfanya mwanamume ndani ya sheria hii, angepoteza ulinzi wa mjamzito akiwa na mimba tumboni. Pili, cheti hakionekani. Ni siri ya mwenyewe, na ofisa anayekitangaza anaweza kushtakiwa. Chukua wanawake wawili transjenda, wanafanana kwa sura, kwa sauti na kwa mavazi, mmoja ana cheti na mwingine hana. Kwa tafsiri ya serikali ya Uskoti, mmoja ni mwanamke kisheria na mwingine si mwanamke, na muuguzi wa mapokezi hana njia halali ya kuwatofautisha. Majaji waliona sheria ya namna hiyo haitekelezeki. Tatu, walitazama wanawake wanaopenda wanawake: wakitaka chama chao wenyewe, sheria ingewalazimisha wampokee mtu wa mwili wa kiume kwa sababu ya karatasi. Wakaenda sura kwa sura, wodi, makazi, michezo, na kila mahali wakakuta neno linaeleweka tu likishikiliwa maana moja.

Lord Hodge, mmoja wa majaji hao watano, alipoisoma hukumu alionya watu wasiichukue kama ushindi wa kundi moja dhidi ya jingine. Nje, watu walikuwa wameshafungua shampeni. Lakini onyo lile lina uzito wa kisheria, si adabu tu. Mtu transjenda bado analindwa kwa msingi wa kubadili jinsia, awe na cheti au asiwe nacho. Ukimfukuza kazi, ukimnyima nyumba, ukimtukana kaunta, umevunja sheria ile ile. Analindwa pia akibaguliwa kwa sababu mtu alimdhania mwanamke. Vyeti havikufutwa, vinaendelea kutumika kwenye ndoa, pensheni na cheti cha kuzaliwa. Wala mahakama haikuamua mwanamke ni nani katika falsafa, dini au biolojia. Ilisema wazi kwamba hiyo si kazi yake. Ilifasiri neno kwenye sheria moja, inayotumika England, Wales na Uskoti. Ireland Kaskazini, ambayo nayo ni sehemu ya ufalme, haina sheria hiyo.

Walioachwa katikati

Wanaoiona hukumu hii haina doa ningependa wamfikirie mwanamume transjenda. Alizaliwa wa kike, ametumia homoni kwa miaka, ana ndevu na sauti nzito. Kwa tafsiri mpya, mlango wa wanaume si wake. Je, wa wanawake? Majaji wenyewe waliandika kwamba naye anaweza kuzuiwa huko ikiwa sura yake ya kiume itawatia wengine wasiwasi wa haki. Basi aende wapi? Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ilitoa mwongozo wa muda tarehe 25 Aprili 2025, siku tisa tu baada ya hukumu, ikisema mwanamke transjenda asiruhusiwe kwenye vyoo vya wanawake makazini na kwenye huduma za umma, na papo hapo ikasema mtu transjenda asiachwe bila pa kujisitiri. Ni sawa na kuambiwa usilale ndani wala usilale nje. Mwongozo ule uliondolewa Oktoba mwaka huo huo, baada ya tume kumkabidhi waziri rasimu ndefu zaidi mwezi Septemba.

Jambo jingine linanisumbua. Mahakama ilisikiliza serikali, tume, Amnesty International, na vikundi vya wanawake vikiwemo vya wasagaji. Victoria McCloud, jaji mstaafu ambaye mwenyewe ni mwanamke transjenda, aliomba kuingia kwenye kesi, akakataliwa. Huenda hukumu ingebaki ile ile. Lakini hata baraza la wazee kijijini humsikiliza anayezungumziwa kabla ya kukata shauri.

Lawama yangu kubwa, hata hivyo, si kwa majaji. Ni kwa wabunge. Kwa miaka 15 sheria ilikaa na neno lisilo na ufafanuzi, na kila serikali iliyopita iliona ni salama zaidi kutoligusa. Mzigo ukamwangukia mtu wa chini kabisa: karani wa bwawa la kuogelea, muuza duka la nguo, nesi wa zamu. Wao ndio waliolazimika kuamua usiku wa manane jambo ambalo watu wenye mishahara minono na mawakili walilikwepa mchana kweupe.

Na hofu zipo pande zote. Mwanamke aliyetoroka kwa mumewe na watoto wawili hafanyi uchunguzi wa nafsi ya kila anayelala chumba cha pili. Mwili wake ulijifunza kushtuka, na hushtuka kabla hajafikiri. Kumwambia kwamba woga wake ni chuki ni kumpiga mara ya pili. Mwanamke transjenda naye, aliyeishi hivyo miaka 20, akielekezwa choo cha wanaume akiwa na gauni na mkoba, anajua kinachoweza kumpata mle. Kumwambia hilo halituhusu si haki pia. Wapo na wanawake waliozaliwa wanawake, warefu, wenye nywele fupi na sauti nene, ambao sasa wanatazamwa juu mpaka chini wakielekea chooni.

Kwa vyoo, sehemu kubwa ya jibu iko kwa fundi. Kanuni za makazini za mwaka 1992 zinataka vyoo vya wanaume na vya wanawake vitenganishwe, isipokuwa kila choo kikiwa chumba kamili chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Chumba cha namna hiyo hakihitaji kuuliza aliyemo ni nani. Gharama ipo, na majengo mengine ni ya zamani mno, lakini kazi inaanza na ramani na matofali, hoja za kwenye mtandao hazijengi ukuta.

Wodi, gereza, makazi ya waliokimbia vipigo na kikundi cha ushauri ni habari nyingine. Humo watu hulala, huvua nguo, hulia. Huwezi kumpa kila mmoja kuta nne. Hapo mtu lazima achague, na naamini ni sahihi kwamba sheria sasa inawapa wanaoendesha makazi ya wanawake msingi ulio wazi wa kusema hapa ni kwa wanawake wa kuzaliwa, mradi serikali ile ile isimwache mwanamke transjenda aliyepigwa na mwenziwe alale barabarani. Sharti hilo la pili ndilo ambalo fedha zake hazizungumzwi sana.

Michezo nayo ilifuata haraka. Chama cha soka cha England kilitangaza kwamba kuanzia Juni 1, 2025 wanawake transjenda hawatacheza soka la wanawake, na mchezo wa kriketi ukafanya vivyo hivyo.

Na kwetu?

Hukumu ya London haituhusu kisheria. Maswali yake yametufikia kwa njia yake. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya huntha aliyefungwa gereza la wanaume la Kamiti, akapekuliwa mbele ya wengine na kudhihakiwa. Mahakama ilikiri kwamba alitendewa kinyama, ikamlipa fidia ya shilingi 500,000. Mwaka 2025, miezi minne baada ya hukumu ya London, Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa fidia ya shilingi milioni moja mtu transjenda aliyekamatwa mwaka 2019, kisha akavuliwa nguo akiwa kizuizini ili ijulikane ni mke au mume. Jaji akaitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu wa aina hiyo. Tazama mahali kesi zote mbili zilipotokea: kwenye nyumba ya serikali yenye mlango wa wanaume na mlango wa wanawake, mbele ya mtu ambaye askari hakujua ampeleke wapi, akaamua kumvua nguo.

Waliotutangulia hawakulikimbia swali hilo. Vitabu vya fikihi vilivyosomeshwa kwenye vyuo vya pwani kwa karne nyingi vinajadili huntha asimame wapi kwenye swala: nyuma ya safu za wanaume, mbele ya safu za wanawake. Najua huntha si transjenda, nimeshasema. Ninachokitazama ni kwamba wanazuoni wale walikuwa na msikiti wenye safu za jinsi mbili, wakaona yupo mtu asiyeingia sawasawa katika yoyote, wakamtafutia mahali pa kusimama ndani ya msikiti. Hawakuzifuta safu, wala hawakumwambia aswali nje.

Mdogo wangu nilimjibu hivi. Hakuna sheria inayokutaka umwombe mtu cheti mlangoni, wala usithubutu kufanya hivyo. Kuamua choo kipi ni cha nani ni kazi ya mwajiri wako, si yako, kwa hiyo mwombe akupe utaratibu kwa maandishi kabla ya zamu ijayo. Mgeni akikuuliza choo, mwelekeze kwa heshima kama unavyowaelekeza wengine wote. Akikudharau au ukimdharau kwa alivyo, hapo ndipo sheria inapoingia.

Alinijibu kesho yake. Choo cha wageni pale kwao ni kimoja, kina mlango mzima na komeo, na juu yake hapajaandikwa Wanaume wala Wanawake. Kinachomtatiza ni bibi mmoja wa ghorofa ya juu, mwenye miaka 88, anayetaka kuogeshwa na wanawake tu na hulia akiona mtu mwingine ameshika taulo. Usiku mwingine mwanamke wa zamu ni yeye peke yake, na ana wazee 14. Hilo, akasema, amemwandikia meneja, na anasubiri jibu.